Mtindi wa Kibuyu: Walinzi na Wavamizi Tusiowaona

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kutokana na maeneo ya mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ni nchi ya pamba na ng'ombe. Kutoka Busega kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria, kupitia Bariadi yaliko makao makuu ya mkoa, Itilima na Maswa, hadi Meatu, ng'ombe ni akiba ya familia, ni mahari, ni nguvu ya jembe, na ni chakula. Maziwa yake hayanywewi yote yakiwa mabichi. Mengi huwekwa katika kibuyu au chombo kingine, yakaachwa yagande, kisha yakaliwa kwa ugali wa mtama au wa mahindi, kwa viazi vitamu, au yakasukwasukwa ili kutoa siagi na samli.

Mtindi huo umelea vizazi. Hata hivyo, katika vituo vya afya vya maeneo ya wafugaji huonekana mara kwa mara mgonjwa wa namna moja: mtu mzima mwenye homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, kiuno na viungo vinavyouma, ambaye amekwisha kutumia dawa ya malaria mara mbili na dawa ya homa ya matumbo mara moja, na bado haponi. Pengine jibu la ugonjwa wake limo katika kibuyu kile kile kilichomlisha. Makala haya yanaeleza ni viumbe gani wanaoishi ndani ya mtindi wa asili, ni yupi kati yao mlinzi na yupi mvamizi, na jinsi familia inavyoweza kuendelea kula mtindi bila kununua maradhi.

Kinachotokea ndani ya kibuyu

Maziwa yanapotoka katika kiwele yana kiwango cha asidi kinachokaribia kile cha maji, yaani pH ya takriban 6.6 hadi 6.7. Ndani yake imo sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Bakteria waliotoka katika mazingira, kwenye chuchu za ng'ombe, mikononi mwa mkamuaji na hasa katika kuta za kibuyu, huila sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki. Asidi ikiongezeka na pH ikashuka hadi karibu 4.6, protini ya maziwa iitwayo kaseini hushikamana, na maziwa huganda. Hapo ndipo tunaposema mtindi umeiva.

Kibuyu chenyewe ni sehemu ya kazi hiyo. Kuta zake zina vitundu vidogo ambamo bakteria hujihifadhi hata baada ya kuoshwa, ndiyo maana kibuyu cha zamani hugandisha maziwa upesi kuliko kipya. Bakteria wanaofanya kazi hii wamechunguzwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa maziwa yaliyochachuka ya Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania, na mwaka 2004 ukafuata uchunguzi wa mtindi wa Wamaasai wa Kenya, uitwao kule naoto. Wakazi wakuu walioonekana ni bakteria wa asidi ya laktiki, hasa wa kundi la Lactobacillus, wakiandamana na jamaa zao wa kundi la Lactococcus na wengineo. Mara nyingi huwamo pia hamira za asili, zinazotoa harufu, mapovu madogo, na wakati mwingine kiasi kidogo cha pombe.

Kwa mlaji, kazi ya bakteria hawa ina faida za kweli. Kwanza, asidi huzuia au kupunguza vimelea vingi viharibuvyo chakula. Pili, laktosi hupungua. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa watu wazima wengi duniani hawana tena kimeng'enya cha kusaga laktosi, nao wakinywa maziwa matamu huvimbiwa na kuharisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba baadhi ya watu wa jamii za wafugaji wa kanda hii wana badiliko la kijeni linalowawezesha kusaga laktosi utu uzimani, badiliko ambalo ni tofauti na lile la Wazungu. Asiye nalo anaweza mara nyingi kula mtindi bila taabu, kwa sababu bakteria wamekwisha kumsaidia kazi. Tatu, mtindi ni protini na madini ya chokaa katika mkoa ambao sahani ya mtoto mara nyingi hujaa wanga.

Virusi ndani ya maziwa

Neno virusi humtisha msikilizaji, kwa kuwa tumelizoea katika habari za UKIMWI, surua na UVIKO-19. Lakini virusi wengi kabisa waliomo katika mtindi hawana habari na mwanadamu. Hao ni bakteriofaji, au kwa kifupi faji: virusi wanaoshambulia bakteria tu. Waligunduliwa na Frederick Twort mwaka 1915 na Félix d'Herelle mwaka 1917. Faji hujibandika kwenye bakteria, huingiza vinasaba vyake, na baada ya muda mfupi bakteria hupasuka na kutoa faji wapya kwa wingi.

Mama anayegandisha maziwa huyaona matokeo yao bila kujua jina lao. Maziwa yaleyale, chombo kilekile, mbegu ileile ya mtindi wa jana. Lakini leo hayagandi, au yanatoa maji na harufu isiyo yake. Katika viwanda vya maziwa tatizo hili linajulikana tangu miaka ya 1930, na huweza kuharibu tangi zima. Kibuyu kina kinga ya namna yake. Kwa kuwa ndani yake wamo bakteria wa aina nyingi, faji wanaoua aina moja huwaacha wengine waendelee na kazi. Mchanganyiko ambao mtu wa kiwandani angeuita uchafu, kwa upande huu ni bima.

Bakteria nao hawakai wakingoja kufa. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Danisco, wakichunguza bakteria wa mtindi aitwaye Streptococcus thermophilus, walithibitisha kwamba bakteria aliyenusurika na faji huhifadhi kipande cha vinasaba vya adui huyo ndani ya vinasaba vyake mwenyewe, na akirudi humtambua na kumkata. Mfumo huo huitwa CRISPR. Kutokana na elimu hiyo, wanasayansi wengine walitengeneza chombo cha kukata na kurekebisha vinasaba, kazi iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya selimundu inayotumia chombo hicho. Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, ambako selimundu ni ugonjwa unaofahamika katika familia nyingi, inafaa kujua kwamba moja ya mizizi ya tiba hiyo ilichimbwa katika maziwa yaliyoganda.

Wapo hata hivyo virusi wachache wa mifugo wanaoweza kumdhuru mtu. Mashuhuri ni wa Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930 na ambao ulilipuka Tanzania mwaka 2007 baada ya mvua nyingi. Watu huupata zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa au kwa kuumwa na mbu. Maziwa mabichi pia huhesabiwa miongoni mwa njia za hatari. Virusi hawa hudhoofishwa na asidi na huuawa na moto. Wakati wa mlipuko, basi, maziwa yasiyochemshwa yasinywewe kamwe.

Wavamizi wanaovumilia uchachu

Kosa linalogharimu afya ni kudhani kwamba uchachu hufanya kazi ya moto. Asidi hupunguza vimelea. Haiwaondoi wote, tena huchukua muda. Vimelea vitatu vinastahili kutajwa.

Wa kwanza ni Brucella, bakteria anayesababisha ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambao kwa binadamu huitwa brusela. Hukaa katika kiwele na kutoka na maziwa hata kama ng'ombe anaonekana mzima. Katika maziwa yanayochachuka anaweza kuendelea kuishi kwa siku kadhaa, ikitegemea ukali wa asidi na joto la mahali, ilhali mtindi wa nyumbani mara nyingi huliwa siku ya pili tu. Siagi mbichi nayo haina usalama zaidi. Samli iliyopikwa vizuri motoni ni salama kwa upande huu.

Wa pili ni Mycobacterium bovis, kimelea cha kifua kikuu cha ng'ombe. Kinga yake ya nta humwezesha kuvumilia asidi kwa muda mrefu. Anapoingia kwa njia ya chakula, mara nyingi hashiki mapafu, bali tezi za shingo au tumbo. Mwaka 2001 watafiti wa Tanzania walichapisha taarifa ya kuwapata bakteria hawa katika tezi za shingo za wagonjwa nchini. Jambo la ajabu ni kwamba chanjo ya BCG, ambayo kila mtoto mchanga hudungwa, inatokana na kimelea huyohuyo: Calmette na Guérin walimdhoofisha kwa miaka 13, kuanzia 1908 hadi 1921, wakianza na bakteria waliopatikana katika maziwa ya ng'ombe mgonjwa.

Wa tatu ni kundi la vimelea vya matumbo, kama vile Salmonella na aina fulani za E. coli, wanaotoka katika kinyesi, maji machafu na mikono. Baadhi ya E. coli, hasa aina ya O157, huvumilia asidi kuliko wenzao, na kwa mtoto mdogo huweza kuleta kuhara damu na kuharibu figo.

Tena, kuna sumu ambayo si kiumbe hai. Ng'ombe akilishwa mashudu ya pamba au pumba zilizoota ukungu, sumukuvu hugeuzwa mwilini mwake na kutokea katika maziwa. Moto wa jikoni hauiondoi, wala uchachu. Katika mkoa unaolima pamba kwa wingi, kuhifadhi mashudu mahali pakavu ni jambo la afya ya mlaji, si la mfugaji peke yake.

Homa isiyokuwa malaria

Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Asilimia 60.7 walikuwa wametambuliwa na waganga kuwa na malaria. Vipimo vya maabara vilionyesha kuwa malaria ndiyo iliyosababisha homa kwa asilimia 1.6 tu. Miongoni mwa magonjwa yaliyokuwa yamesahauliwa yalikuwamo yale yatokayo kwa wanyama, brusela ikiwa mojawapo.

Takwimu hizo ni za Moshi na haziwezi kuhamishiwa Simiyu kama zilivyo, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina malaria zaidi. Somo lake, hata hivyo, linasafiri: homa haina jina mpaka ipimwe, na kipimo cha malaria kikisema hakuna, kazi ya mganga ndiyo kwanza inaanza. Kwa mhudumu wa zahanati ya Bariadi, Itilima au Meatu, maswali manne yanaweza kubadili mwelekeo wa tiba:

- Je, unakunywa maziwa mabichi au mtindi wa maziwa yasiyochemshwa?
- Je, hivi karibuni kuna ng'ombe au mbuzi aliyetupa mimba nyumbani au kwa jirani?
- Je, umesaidia mnyama kuzaa, au kutoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu?
- Je, homa hii ina muda gani, na imewahi kupungua kwa dawa kisha ikarudi?

Jibu la ndiyo linatosha kumfanya mhudumu aombe kipimo cha brusela, au ampe mgonjwa rufaa palipo na maabara. Kipimo cha Widal kisitumiwe peke yake kumtangaza mgonjwa kuwa ana homa ya matumbo, maana majibu yake hupotosha mara nyingi, na mgonjwa wa brusela huweza kutibiwa ugonjwa asio nao kwa miezi.

Brusela hutibika, lakini haitibiki kwa haraka. Kwa kawaida hutumika dawa mbili pamoja: doksisaiklini kwa wiki 6, ikifuatana na sindano za streptomaisini au jentamaisini mwanzoni, au na rifampisini kwa wiki hizo 6. Wajawazito na watoto wadogo hupangiwa dawa nyingine, nao wapelekwe kwa daktari. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba homa itashuka katika siku za kwanza, na kwamba huo si mwisho wa tiba. Anayeacha dawa wiki ya pili huurudisha ugonjwa. Ukiachwa, huweza kuharibu uti wa mgongo, kuvimbisha korodani, kuharibu mimba, na kwa nadra kushika moyo, jambo ambalo ndilo linaloua. Aidha, kwa kuwa rifampisini na streptomaisini hutumika kwa kifua kikuu, mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu au tezi za shingo apimwe kifua kikuu kabla ya kuanza dawa hizo. Mhudumu akumbuke pia kwamba M. bovis kwa asili haisikii dawa ya pirazinamaidi.

Jingine ni la pande mbili: mgonjwa mmoja wa brusela ni habari kwa ofisa mifugo. Asiposikia, mnyama hubaki zizini, na baada ya miezi michache mtu mwingine wa boma lile atasimama mlangoni pa zahanati. Huo ndio utekelezaji wa kile kinachoitwa Afya Moja.

Kuchemsha bila kupoteza mtindi

Wengi wanaoambiwa wachemshe maziwa hujibu kwamba maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri. Wanasema kweli. Moto umeua wavamizi, lakini umewaua na walinzi pia. Ushauri wa kuchemsha usiofuatwa na maelekezo ya kugandisha ni ushauri nusu, na hauishi siku mbili nyumbani. Walinzi inabidi warudishwe kwa mkono:

1. Osha mikono na kiwele kwa maji safi kabla ya kukamua. Usichanganye maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, aliyetupa mimba, au anayetibiwa kwa antibaiotiki. Mabaki ya dawa huua bakteria wa mtindi na huchangia usugu wa dawa kwa binadamu.
2. Chemsha maziwa hadi yaumuke na kutokota, ukikoroga. Viwandani hutosha nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, au 63 kwa dakika 30, lakini jikoni kusiko na kipimajoto, kutokota ndiyo alama ya uhakika.
3. Funika, acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Yakiwa moto sana yataua mbegu. Yakipoa mno yatachelewa kuganda.
4. Tia mbegu: vijiko viwili au vitatu vya mtindi kwa kila lita. Mbegu hiyo itoke katika mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, au mtindi wa kiwandani usioongezwa vitu vingine. Ukitumia mtindi wa maziwa mabichi, unamrudisha adui uliyekwisha kumfukuza.
5. Acha mahali pa joto usiku kucha. Kabla ya kula, tenga kidogo katika chombo safi kiwe mbegu ya kesho.
6. Mtindi ukikataa kuganda, ukitoa mapovu mengi, ukungu au harufu mbaya, mwaga, safisha vyombo kwa maji yanayochemka, na uanze na mbegu mpya.

Kibuyu si lazima kitupwe. Kioshwe, kisuuzwe kwa maji yanayochemka, na kikaushwe juani. Lakini kibuyu kilichozoea maziwa mabichi kisitumiwe kwa yaliyochemshwa, kwa kuwa vitundu vyake vinahifadhi wema na wabaya pamoja. Dumu la plastiki lenye mdomo mwembamba ni gumu kusafisha. Ndoo ya bati isitumike kabisa kuhifadhia mtindi, kwa kuwa asidi huyeyusha madini ya zinki yaliyomo juu yake.

Chakula, si dawa

Mwaka 2004, jirani yetu Mwanza, wanawake wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria wa Lactobacillus rhamnosus, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada, ukiwafikia pia watu wanaoishi na VVU. Kazi hiyo ilionyesha kwamba mtindi salama unaweza kutengenezwa katika jiko dogo na kumpa mwanamke kipato. Haikuufanya mtindi kuwa mbadala wa dawa. Anayeishi na VVU aendelee na dawa za kufubaza virusi. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari maalumu pamoja na zinki. Na mtoto asiyetimiza miezi 6 asipewe chochote zaidi ya maziwa ya mama. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu ndio wenye haki ya kwanza ya maziwa yaliyochemshwa.

Kuwakataza wakazi wa Simiyu mtindi kungekuwa kuwanyang'anya watoto chakula bora na kuwanyang'anya akina mama wanaouza mtindi fedha ya ada na ya matibabu. Kunyamaza nako kungekuwa kuwaacha wazazi hao wauguze homa zisizokwisha. Kati ya mawili hayo ipo njia iliyo wazi: sufuria, kuni kidogo, na vijiko vitatu vya mbegu safi. Mhudumu wa afya anayemwandikia mgonjwa dawa za wiki 6 na atumie dakika 5 zaidi kumweleza njia hiyo. Na mgonjwa anayerudi nyumbani na aifikishe kwa wote wanaokula katika chungu kimoja naye.